Kipakiti Kilichoshiba

Kipakiti chochote cha silika ninachokikuta ndani ya boksi la viatu, mkoba mpya au kopo la vidonge, nakihesabu kuwa kimekwisha kushiba maji mpaka mizani iniambie vingine. Msimamo huu umenijia kwa kuzaliwa na kukaa Tanga, na kwa kufanya kazi miaka mingi kwenye stoo ya dawa na kwenye dirisha la kutolea dawa. Wapo wanaokitupa kwa kuogopa onyo lililoandikwa juu yake kwamba hakiliwi. Wapo wanaokitia kwenye droo pamoja na vingine, wakijua siku moja kitafaa. Huyu wa droo anaamini ana akiba, lakini kwa hewa ya pwani akiba hiyo huisha kwa siku chache bila kumfaa mtu. Kipakiti hakingoji kutumwa. Kinakunywa unyevu wa chumbani tangu kilipotolewa kwenye boksi, na kikijaa ndiyo basi, mpaka mtu akikaushe upya.

Anayekaa Dodoma au Singida huenda asione kwa nini jambo hili lisumbue watu. Aje Tanga mwezi wa Aprili. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji na kuloa pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na usiku wa masika pwani unavuka kiwango hicho kwa urahisi. Ndiyo maana mama zetu hutia punje za mchele kwenye kidau cha chumvi, na ndiyo maana mvua ikishika wiki nzima hata mchele huo hausaidii. Mikanda ya ngozi huota ukungu kabatini. Kurasa za msahafu hujikunja pembeni. Viatu vilivyovaliwa Idi na kuhifadhiwa vizuri hutolewa vikiwa na madoa meupe, na nguo zilizofuliwa Jumatatu zinafika Alhamisi kambani zikiwa zimevunda. Sisi tumezoea, tena tumezoea mno, hata tunadhani kuharibika kwa vitu ni ada ya kuishi karibu na bahari.

Wa kwanza kunionyesha kwamba si ada alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa mpiga picha. Alipiga picha za pasipoti, za harusi, za wanafunzi wanaomaliza darasa la saba, na za wanamuziki, maana Tanga ilikuwa mji wa taarabu, mji wa Black Star na Lucky Star, na kila kikundi kilitaka picha. Ninayoyakumbuka ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maduka yalikuwa matupu na sabuni ilipangiwa foleni. Lenzi ikiharibika wakati ule, hakukuwa na mahali pa kununua nyingine. Na adui wa lenzi pwani si kuanguka, ni kuvu. Kuvu huingia katikati ya vioo, hutandaza nyuzi nyembamba mno, na hutoa asidi inayokula utando wa juu wa kioo na hatimaye kioo chenyewe. Ukiacha mpaka uone kwa macho, mara nyingi umechelewa. Picha zinaanza kutoka kama zimepigwa ndani ya moshi.

Mjomba alikuwa na debe la biskuti lenye mfuniko, na pale mfuniko ulipokutana na debe alizungusha mpira aliokata kwenye tyubu ya gari. Ndani zilikaa kamera, lenzi, filamu zilizopigwa na zisizopigwa, na kifuko cha kitambaa chenye punje za rangi ya samawati. Sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Nilipokua kidogo alianza kuniita kila alipolifungua. "Mjomba," alikuwa akiniita hivyo nami nikimwita hivyo hivyo, "njoo utazame rangi." Punje zikiwa za samawati zilikuwa bado na nafasi, zikigeuka waridi zimejaa. Hapo aliwasha jiko la mkaa, akaacha moto upungue, akaweka sinia la bati lenye mchanga mkavu, juu yake bati jingine lenye zile punje. Alikaa hapo hapo akizigeuza kwa kijiko mpaka samawati irudi. Kisha, na hili ndilo nililolithamini zaidi nilipokuja kuelewa, hakuziacha zipoe barazani. Alizimimina zikiwa bado za moto ndani ya chupa ya kioo na kuikaza, akangoja zipoe humo.

Debe hilo hakulifungua wakati wa mvua, wala asubuhi mapema. Alingoja adhuhuri, jua likiwa kali na hewa imekauka kidogo, akatoa anachotaka haraka, akafunga. Mama alimwona ana vituko. Lakini filamu alizopiga na kuhifadhi mle zilibaki safi, wakati picha zile zile alizowauzia watu, wakazitia kwenye albamu za plastiki, nyingi ziligandana, sura za maharusi zikabandukia kwenye nailoni. Familia zilikuja kwake baada ya miaka kuomba zisafishwe upya, naye aliweza.

Nilikuja kujua kemia ya punje zile za silika baadaye, chuoni. Silika jeli ni ndugu wa mchanga: ni silikoni na oksijeni, inayotengenezwa kwa kuchanganya silikati ya sodiamu na asidi mpaka mchanganyiko uwe kitu cha kutetemeka, kikaoshwa na kukaushwa kikawa punje ngumu zenye vitundu visivyoonekana. Walter Patrick, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, alipata hataza ya namna ya kuitengeneza mwaka 1919, baada ya vita vya kwanza vya dunia, vilivyowafanya wanasayansi watafute vitu vya kutia kwenye barakoa za kuzuia gesi. Katika vita vya pili vya dunia ikatumika kukinga penisilini na zana za kijeshi zisiharibiwe na unyevu. Nguvu yake iko kwenye vitundu hivyo. Kuta za ndani ya gramu moja, kama zingetandazwa, zingefika mita za mraba 700 au zaidi, kwa hiyo gramu kumi zinafunika uwanja mzima wa mpira. Maji ya hewani hunata kwenye kuta hizo. Hayaingii ndani ya silika yenyewe wala hayabadilishi kitu, yanashikwa tu, na ukizipasha punje moto yanaachia na kuondoka. Ndiyo sababu punje zile zile zinaweza kutumika tena na tena.

Ila zina kiasi. Katika hewa yenye unyevu mwingi silika hubeba maji yapata theluthi moja ya uzito wake. Kipakiti cha gramu moja, kile cha kwenye viatu, kinabeba basi kama matone sita ya maji. Matone sita! Hili ningependa kila mtu alijue kabla ya kuanza kukusanya, maana linapanga kila kitu kingine. Hewa ya Tanga ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ina gramu 24 hivi za maji yaliyo hewani tu, achilia mbali yaliyomo kwenye nguo na mbao. Kopo la lita tano lina gramu 0.12. Kipakiti kikavu cha gramu moja kinaliweza kopo hilo bila shida. Kabati la nguo hakiliwezi, hata vikiwa hamsini, na kila mlango unapofunguliwa hewa mpya inaingia na kazi inaanza upya.

Shangazi yangu alikuwa na kasha la mbao alilopewa alipoolewa, na ndani yake kanga zisizovaliwa, joho la marehemu mume wake, na shuka za kitanda cha harusi. Akaanza kuniomba vipakiti. "Mwanangu, niletee vile vidude vya kukausha, nguo zangu zinanuka." Nilimletea, lakini nilimwambia ukweli kwamba kasha lile lina nyufa na halitasaidiwa na vipakiti. Alichokuwa akikifanya tangu ujana wake kilikuwa na maana zaidi: kungoja upepo wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, akatoa kila kitu, akakianika juani mchana kutwa, akakipiga udi, akarudisha na karafuu kavu katikati ya mikunjo. Karafuu haikaushi hewa. Inafukuza wadudu na inaleta harufu nzuri. Jua ndilo lililokuwa likikausha. Tulichokubaliana ni kwamba vitu viwili vitatu ambavyo hawezi kuvianika ovyo, lile joho lenye nakshi za uzi wa dhahabu na barua za mumewe, viingie kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa mpira, vikiwa vikavu tayari, pamoja na silika ya kutosha, kisha lisifunguliwe bila sababu. Joho lile bado lipo, na mjukuu wake ameoa akiwa amelivaa.

Karatasi zinataka uangalifu wa aina nyingine. Hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, picha za zamani: hivi vinaharibiwa na ukungu, lakini ukivikausha kupita kiasi vinakakamaa na kukatika kwenye mikunjo. Karatasi inapendelea unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Kwa hiyo natia silika kidogo na kuichunguza, sijazi. Ala za muziki za mbao kama udi na kanuni nazo hazitaki ukavu wa ghafla, zinapasuka. Simu iliyoloa ni habari fupi. Mchele hauisaidii, na vumbi na chembe zake zinaweza kuingia kwenye matundu. Kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kuhusu hilo mwaka 2024. Simu izimwe, isichajiwe, ikung'utwe tundu likielekea chini, iachwe penye upepo. Maji ya bahari yakiingia, hata silika haitaondoa chumvi inayobaki kula shaba.

Sasa kukausha. Watu huniambia wanavianika vipakiti juani, nami huwaomba wasijichoshe. Hewa ya joto la nyuzi 30 iliyojaa unyevu haiwezi kuyatoa maji ambayo silika imeyashika. Punje zitaota jua na kubaki zimejaa. Kinachohitajika ni joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja na nusu au mbili, punje zikiwa zimetandazwa nyembamba. Mwenye oveni ana raha. Mwenye jiko la mkaa afanye kama mjomba, moto mdogo na mchanga katikati, maana moto mkali hupasua punje na kuunguza. Bahasha za vipakiti vingi ni za nyuzi za plastiki zinazoanza kuyeyuka joto likipita kidogo tu nyuzi 130, na za karatasi zinaungua, kwa hiyo mimi huzipasua, namwaga punje kwenye sinia, na zikishakauka nazishonea vifuko vya kitambaa cha pamba. Hufanya hivyo polepole nisitimue vumbi lake, kwa kuwa vumbi la silika si zuri kwa mapafu ya mtu yeyote.

Mizani ndiyo imenipa amani. Nilinunua mizani ndogo ya kupimia dhahabu, ya aina wanayotumia masonara, na kila kifuko kinapotoka jikoni kikiwa kikavu nakipima na kuandika uzito wake juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Kifuko kilichoandikwa gramu 20 kikisoma 25 kimebeba gramu tano za maji, wakati wake wa kurudi jikoni umefika. Silika ya kubadilika rangi inaondoa haja ya upimaji huu, lakini zile za samawati zina kloridi ya kobalti, ambayo Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Mjomba hakulijua hilo, wala wengi wa wakati wake. Siku hizi ziko za rangi ya machungwa zinazogeuka kijani, ndizo ninazozipendelea. Na za samawati, kwa aliyenazo, zisikaushwe kwenye chombo cha kupikia.

Si kila kipakiti ni silika, na hapa nimeona watu wakijisumbua bure. Vile bapa vinavyokaa kwenye nyama kavu na vitafunwa vilivyofungwa vingi vina unga wa chuma, kazi yake ni kuondoa oksijeni. Ukifungua mfuko tu vinaanza kuchoka, na havirudishwi. Ile mifuko ya kutundika kabatini inayojaa maji chini ina kloridi ya kalsiamu, maji yake yanachubua ngozi na kuharibu kitambaa. Vingine ni udongo wa bentonaiti wa rangi ya kijivu, unaokauka kwa joto la chini zaidi na kuharibika ukizidisha. Tikisa kipakiti, usikilize, ukikipasua utazame. Punje za mviringo zinazong'aa kama kioo ndizo ninazozizungumzia.

Mbegu nazo zinataka ukavu. Kwa upande wa mama kulikuwa na bibi aliyelima Muheza, na nyumba yake ilikuwa na vibuyu vya mbegu vikikaa kwenye uchaga juu ya mafiga. Mchicha, bamia, nyanya chungu, kunde. Alichanganya mbegu na majivu makavu, akaziba kibuyu, na moshi na joto la kila siku vikafanya kazi iliyobaki. Wataalamu wa mbegu wana kanuni iliyopewa jina la Harrington, inayosema kwamba kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia moja, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili, na kila joto la hifadhi linaposhuka kwa nyuzi tano, hivyo hivyo. Bibi hakuhitaji kanuni, lakini mimi sina mafiga wala uchaga. Nina gesi na chupa za asali. Mbegu nazifunga kwenye kitambaa chepesi, naweka ndani ya chupa na silika kavu ya uzito ule ule, ambayo imeshapoa kabisa, nafunga kwa wiki moja hivi, kisha nazihamishia kwenye chupa nyingine kavu isiyopitisha hewa na kuiweka mahali pa baridi. Bamia zilizokaa hivyo misimu kadhaa huota vizuri. Tahadhari moja: mbegu za embe na fenesi haziwezi kukaushwa, ukizikausha zinakufa. Hizo zipandwe mbichi.

Mkulima mmoja wa Handeni aliniuliza kama angeweza kutia vipakiti kwenye gunia la mahindi. Tulipiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16, ili lishuke hadi 13, linapaswa kutoa maji yanayokaribia kilo tatu na nusu. Angehitaji zaidi ya kilo kumi za silika kavu kwa gunia moja. Mahindi yanataka jua, turubai, na baadaye mifuko isiyopitisha hewa. Nilimwonyesha kipimo cha chumvi: kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, kuitikisa, na kuacha kidogo. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado. Kwa mahindi sitanii, kwa sababu sumukuvu imeua watu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walipoteza maisha watu 125 kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Hata baba yangu unyevu ulimfikia. Alianza kuvaa mashine za sikio akiwa mtu mzima sana. Alikuwa mwalimu, akasoma magazeti kwa sauti kila jioni, na kutosikia kulimtenga na watu waziwazi mbele yetu. Alipopata mashine zile alirudi barazani, akabishana tena kuhusu mpira. Kisha masika yakaja na mashine zikaanza kukatika. Alitoka msikitini Ijumaa jasho likimtiririka chini ya kofia, na alipofika nyumbani ilikuwa kimya. Tulikotengeneza walituambia ndani kumeingia unyevu, tukalipa, zikarudi, na mvua ya pili zikafa tena. Fedha ya kuzitengeneza ilikuwa inaizidi pensheni yake.

Nikamtengenezea chupa. Ilikuwa ya kahawa, yenye mdomo mpana na mfuniko unaokazwa, chini yake kifuko cha silika gramu 30, juu yake kipande cha sifongo kikavu ili mashine zisigusane na punje. Kila usiku alizifuta kwa kitambaa, akatoa betri, akazilaza humo na kukaza mfuniko. Betri lazima zitoke, kwa kuwa zile ndogo za zinki zinatumia hewa na ukavu unazifupisha maisha. Mashine zenyewe hazipashwi moto kamwe. Baba alikuwa mtu wa utaratibu na utaratibu ule ulimfurahisha. "Zimeshalala?" mama alimwuliza, naye alijibu, "Zimelala, mama watoto, na mimi nalala." Ziliendelea kukatika mara chache, lakini hazikufa tena masika yaliyofuata, na akaendelea kusikiliza hotuba na kunieleza khatibu alikosea wapi. Nilikuwa nikikausha kile kifuko kila baada ya wiki kadhaa, wakati wa mvua mara nyingi zaidi. Laiti tungejua chupa ile mapema. Tungemwokolea miezi mingi ya kukaa kimya.

Lakini mahali ambapo jambo hili linanichoma zaidi ni dirishani pa dawa. Dawa nyingi zinaogopa unyevu kuliko joto. Aspirini iliyopata unyevu inavunjika na kutoa harufu ya siki, na ukisikia harufu hiyo kwenye kopo, usimeze. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati inaharibika upesi hewani. Ndiyo maana watengenezaji huweka ndani ya makopo ya vidonge kile kikopo kidogo cha silika, na ndiyo maana mgonjwa hapaswi kukitoa. Nimeona wengi wakikitoa wakidhani ni takataka, au wakihofia mtoto atakimeza. Silika yenyewe haina sumu, hatari ya kweli ni mtoto kupaliwa, na dawa iliyomo kwenye kopo lile ni hatari mara nyingi zaidi kwa mtoto kuliko kikopo hicho. Kopo zima lifichwe juu.

Wapo waliohamisha vidonge kwa sababu nyingine. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wengi hupewa makopo, na kopo likitembea linalia. Mwanamke anayeishi na wifi na mama mkwe hataki kopo lake lilie ndani ya mkoba wake. Akivitia vidonge kwenye mfuko wa nailoni vinanyamaza, lakini vinaachwa bila silika, katika hewa ya masika, kwa mwezi mzima au mitatu. Siwezi kumlaumu. Nilichokuwa nikiwaambia, taratibu, mlango ukiwa umefungwa, ni kuacha vidonge kwenye kopo lake na kuliingiza kopo zima ndani ya soksi nene au kulizungushia kitambaa, sauti inapungua sana. Baadhi walirudi kuniambia imesaidia.

Na vijiti vya kupimia sukari. Kopo lake limetiwa kikaushio ndani ya kuta zake au mfunikoni, na kila dakika likiwa wazi vijiti vinakunywa unyevu na kuanza kusema uongo. Nilikuwa na bibi mmoja aliyekata vijiti katikati ili vimtoshe na kuvitia kwenye karatasi, kwa kuwa bei ilikuwa inamshinda. Namba alizoniletea zilipanda na kushuka bila mpango, na kwa mgonjwa wa sukari namba ya uongo inaweza kumfanya ameze dawa asiyoihitaji. Vijiti vikae kwenye kopo lake, kitolewe kimoja kwa mkono mkavu, kopo lifungwe mara moja.

Vifuko vyangu vya kukausha upya siviweki kamwe kwenye dawa wala chakula cha mtu. Vina vumbi la kila vilikopita. Vinakwenda kwenye mbegu, kamera, hati na mashine za sikio. Ninachoomba ni kidogo: anayetoa dawa aongeze sentensi mbili kwa kila mgonjwa, kwamba kikopo cha ndani kibaki ndani, na kwamba mfuniko ukazwe mara tu baada ya kutoa kidonge. Foleni ni ndefu, najua, nimesimama upande huo wa dirisha. Sentensi mbili zinasemwa wakati unaandika jina. Dozi ikiisha na kopo kubaki tupu, hapo ndipo kile kikopo kinapokuwa mali ya nyumba. Kipasuliwe kwa kisu, maana plastiki yake haivumilii jiko, punje zitolewe zikaushwe, zipimwe, zishonewe kifuko, na uzito uandikwe juu.